Kilichomo Nyumbani Mwetu

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa niaba ya wanachama katika ibada ya shukrani ya kutimiza miaka 10 ya kikundi)



Tumepewa dakika 20, na katibu ametuonya kwamba zikizidi atagonga meza. Taarifa ya fedha mmekwisha kuisikia kwa mweka hazina, mkapiga makofi, na sisi tukapiga. Kazi yetu ni nyingine. Tuliombwa tuseme neno juu ya shukrani na imani katika nyumba zetu. Walioandaa siku hii waliona kwamba kumshukuru Mungu kanisani tunakujua. Nyimbo tunazo, na sare tumeshona. Lakini nyumbani ndiko tunakolala na ndiko tunakoamka, na huko hakuna kwaya.

Tumechagua habari ya yule mjane katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4. Mwanamke wa kikundi cha kuweka na kukopa anaielewa habari hii bila kufafanuliwa. Mume amekufa. Alikuwa mcha Mungu, lakini ameacha deni. Mdai yuko njiani, wala haji kuchukua kitanda. Anakuja kuchukua watoto wawili wa kiume wawe watumwa. Mama huyu anakwenda kwa Elisha analia. Elisha hakumpa fedha. Wala hakumwambia, kama tunavyopenda kuambiana sisi, "Shukuru tu mama, wapo wenye shida kuliko wewe." Alimwuliza ana kitu gani ndani ya nyumba. Na jibu la kwanza la mama yule lilikuwa kwamba hana kitu. Halafu ndipo akakumbuka: ila chupa ya mafuta.

Kwenye hilo "ila" ndipo tunapotaka kukaa leo.

Wale mliokuwepo siku ya kwanza mnakumbuka. Tulikaa kwenye madarasa ya Shule ya Jumapili, kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni. Mwalimu aliyekuja kutufundisha utaratibu wa hisa alituuliza mmoja mmoja: una kipato gani nyumbani? Tukajibu mmoja baada ya mwingine: sina. Mie sina. Hata mie sina. Mwalimu akacheka, akauliza ndizi zinazojaa kwenye gari kila siku ya soko huwa zinapandwa na malaika? Maziwa yanayokwenda hotelini asubuhi, je? Mayai? Mchicha?

Tulijibu "sina" kwa sababu tulizoea kuhesabu kahawa tu. Na kahawa ilikuwa ya baba. Tangu chama cha KNCU kilipoundwa mwaka 1933, kitabu cha mauzo ya kahawa kimekuwa na jina la mwenye kihamba, naye alikuwa mwanamume. Ndizi, maziwa na mboga vilikuwa vya mama, ila havikuandikwa mahali popote, na kitu kisichoandikwa hata mwenyewe hukisahau. Kwa hiyo siku tulipoona majina yetu katika daftari la kikundi, na mihuri ya hisa imegongwa mbele ya kila jina, wako waliolia. Wengine wetu walikuwa na miaka 50 na kitu, na lilikuwa daftari la kwanza la fedha kuandikwa majina yao.

Tuseme na hili, maana shukrani ni kutaja. Utaratibu huu wa sanduku na hisa ulianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991. Ulianza kwa wanawake ambao wengi hawakujua kusoma wala kuandika, na katika nchi ile watu karibu wote ni Waislamu. Hatujawahi kuonana nao na huenda hatutaonana. Bwana Yesu alipoponya wakoma 10, aliyerudi kushukuru alikuwa mmoja, naye Msamaria, mtu wa dini nyingine machoni pa Wayahudi. Basi na sisi tumerudi kidogo kuwashukuru akina mama wa Maradi.

Sasa tuje nyumbani.

Miaka ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na anayelala na sanduku hana ufunguo. Tulikopa, tukalipa, tukakopa tena. Bati zikapanda juu ya nyumba. Watoto wakaacha kurudishwa shuleni. Ng'ombe wa maziwa wakaingia zizini. Na sisi tukamshukuru Mungu kwa kinywa kipana. Kwenye ibada za mtaa mtu akiulizwa ana shukrani gani, wanachama wa kikundi ndio wa kwanza kusimama, mpaka mwinjilisti akatutania kwamba wengine nao wapewe nafasi.

Katika mwaka wa tatu ilifika sikukuu ya mavuno. Mnaijua ilivyo kwetu: madhabahuni kumejaa mikungu ya ndizi, mahindi, maharage, miwa, kuku wamefungwa miguu, na ibada ikiisha mnada unaanza pale nje. Mwenzenu mmoja alimpandia bei jogoo mpaka akamchukua kwa shilingi 35,000. Watu walishangilia. Mzee wa kanisa aliyekuwa akiendesha mnada akasema huyu mama kweli anamjua Mungu aliyemtoa mbali.

Mama huyo ni sisi tunaosema hapa mbele yenu. Tumeruhusiwa na wa nyumbani kwetu kuyasema yanayofuata, na tusingeruhusiwa tungetafuta mada nyingine.

Tulirudi na jogoo. Nyumbani tulikuwa na binti wa kazi, mtoto wa watu kutoka Singida. Wakati ule tukimwita hausigeli. Neno lile siku hizi hatulipendi, lakini ndilo tulilolitumia. Asubuhi ile alikuwa amekamua ng'ombe, amemkatia majani, amefua, amepika mtori, amebaki na mtoto mdogo ili sisi twende ibadani. Usiku, vyombo vikiwa vimekwisha, alikuja akasimama mlangoni. Akasema, "Mama, shikamoo. Naomba ile hela yangu. Nyumbani mama hana chakula." Mshahara wake ulikuwa shilingi 40,000 kwa mwezi, na ilikuwa imepita miezi miwili hatujampa. Si kwamba tulikataa. Tulikuwa tunasema "mwezi ujao".

Na sisi tulimjibu hivi: "Mshukuru Mungu unakula na unalala pazuri."

Akasema, "Nashukuru Mama." Akaenda kulala.

Jamani, usiku ule hatukulala sana, lakini tusijisifu kwamba ilikuwa dhamiri. Tulikuwa tunapiga hesabu za mkutano wa wiki. Daftari lilikuwa mkononi. Tulikuwa tukinunua hisa 5 kila wiki, kila hisa shilingi 2,000. Wiki 8 ni shilingi 80,000. Mara tukaiona hesabu nyingine pembeni ya hiyo: miezi miwili ya binti ni shilingi 80,000. Hisa zilitoka kwenye maziwa. Maziwa aliyakamua yeye, kwa ng'ombe aliyemkatia majani yeye. Tuliyoyaita matunda ya imani yetu, mihuri ile iliyotuliza siku ya kwanza, ilikuwa ni mshahara wa mtoto wa mama mwingine ambaye hana chakula.

Neno "shukuru" ni neno zuri, lakini usiku ule tulilitumia kama kitambaa cha kumziba mtu mdomo. Tena tulikuwa tumelizoea sana. Mwenzetu akifiwa na ng'ombe: shukuru si mtoto. Akifiwa na mtoto: shukuru unao wengine. Mjane wa Elisha alilia kwanza, na hakuna aliyemnyamazisha. Hana mamaye Samweli alilia hekaluni mpaka kuhani akadhani amelewa. Mtume Paulo aliwashukuru Wafilipi akiwa kifungoni, lakini hakuficha kwamba yumo kwenye minyororo. Mtu aliye na haki ya kusema "nashukuru" katika shida ni yule mwenye shida. Sisi wengine tukimsemea, tunajikinga tu tusiguswe.

Asubuhi yake tulifanya kitu ambacho tulikuwa hatujakifanya tangu kipaimara. Tulitafuta Katekisimo Ndogo. Wengi mlio hapa mliikariri mbele ya mchungaji, huku magoti yanatetemeka. Martin Luther aliiandika mwaka 1529, na aliitaka ifundishwe nyumbani. Mwenye nyumba awafundishe wote waliomo. Mle ndani, kwenye Sala ya Bwana, anapoeleza mkate wa kila siku ni nini, hasemi ugali tu. Anataja mavazi na viatu, nyumba na shamba, mifugo na fedha, mwenzi mwema, watoto wema, majirani. Na katikati ya orodha hiyo wamo watumishi wa nyumbani. Kwa hiyo tangu utoto wetu, kila tulipoomba mkate wa kila siku, tulikuwa tunaomba na binti yule. Mungu akatuletea. Tukamweka jikoni, tukaendelea kuomba.

Na Yakobo, sura ya 5, hatuhitaji kumsoma kwa sauti; anasema ujira uliozuiliwa wa watu waliovuna unapiga kelele, na kelele hizo zinafika kwa Mungu. Sisi tulikuwa tumetoka kwenye sikukuu ya mavuno siku moja kabla.

Asubuhi hiyo hela hatukuwa nayo. Ilikuwa sandukuni na kwa jogoo. Ilibidi tukope mfuko wa jamii, na ili ukope lazima useme sababu. Ndiyo maana jambo hili lilifika kwenye kikundi. Si kwa ushujaa wetu.

Mkutano ule wengi mnaukumbuka. Tulipotaja sababu, pakawa kimya. Halafu mmoja akasema mambo ya nyumba ya mtu yasiletwe kwenye kikundi. Mwingine akasema hawa mabinti ukiwazoesha watakupanda kichwani. Mwingine, naye leo ameketi hapa mstari wa pili, akasema polepole, "Wa kwangu namdai miezi minne." Alikosea, alitaka kusema anadaiwa. Tulicheka, kisha hatukucheka tena. Maana ilipozunguka, ikaonekana kati yetu waliokuwa na wasaidizi nyumbani, zaidi ya nusu walikuwa na deni la aina hiyo, na wote walikuwa wamenunua hisa siku hiyo hiyo.

Tulibishana wiki tatu. Wanachama wawili waliondoka na hawajarudi. Tunawaombea, wala hatusemi kwamba hawakuwa na hoja. Waliuliza nani atakwenda kukagua nyumba za watu. Hiyo ilikuwa hoja. Tulichokubaliana mwishoni ni kidogo tu. Hakuna anayekagua. Kabla ya mkutano kufunguliwa kwa sala, kila mmoja hujiuliza mwenyewe kama hisa anayonunua ni yake. Mwenye deni la nyumbani hukaa, hasemi kitu, hanunui, na hakuna anayemwuliza. Katibu huandika sifuri. Mmeona kwenye taarifa ya mweka hazina kwamba mzunguko uliofuata akiba ilishuka. Mgeni Rasmi ameuliza kama ilikuwa ukame. Haikuwa ukame.

Binti yule tulimlipa. Lakini Krismasi alipokwenda kwao hakurudi. Alikuwa amebakiza siku 20 za mshahara, tukamtumia kwa simu. Akajibu kwa ujumbe, "Nimepata Mama. Asante." Basi. Tungekuwa tumemkosea jirani Mchaga, tungejua la kufanya; tungebeba jani la isale tukasimama mlangoni kwake, naye angeelewa kabla hatujafungua mdomo. Lakini nani kati yetu amewahi kumbebea isale mtu anayemfulia nguo? Hatukumbebea. Tulimpa fedha yake, tukadhani ndiyo msamaha.

Mkisoma sura ya 5, baada ya ile ya mjane, mtamkuta msichana mdogo aliyetekwa, anamtumikia mke wa Naamani. Yeye ndiye aliyesema kule Samaria yuko nabii wa kumponya bwana wake ukoma. Bwana akapona, akasifiwa, habari zake zikaandikwa. Jina la msichana halimo. Tumesoma mara nyingi tukilitafuta.

Sasa mtauliza nyumbani kwetu tunaishije tangu wakati ule. Tunaishi kawaida, na kugombana tunagombana. Lakini tulianza desturi moja kwenye sala ya jioni. Kabla ya kuomba, kila mtu anamshukuru mtu mmoja aliyemo ndani ya nyumba ile kwa jambo moja la siku ile, kwa jina. Si Mungu kwanza. Yeye tunamfikia baadaye, na hakasiriki. Siku ya kwanza tulimshukuru baba wa nyumba kwa kutengeneza mpini wa jembe. Alituangalia sana, akasema, "Mnataka shilingi ngapi?" Ilichukua kama mwezi kumsadikisha kwamba hatutaki kitu. Sasa akitengeneza kitu mchana anakiacha pale mezani ili jioni kisisahaulike.

Watoto waliona ni mchezo, wakashukuriana kwa kupeana penseli. Binti tuliye naye sasa, maana tunaye mwingine, miezi miwili ya mwanzo alikuwa akisema tu "namshukuru Mama kwa chakula". Tulijua anaogopa. Usiku mmoja akasema, "Leo sina wa kumshukuru. Leo mmenionea." Alikuwa amesingiziwa sukari iliyoliwa na mtoto wetu. Tulinyamaza wote. Kisha mtoto akakiri. Sala ya jioni ile ilikuwa fupi, na kwa upande wetu ndiyo sala ya kweli tuliyowahi kusali katika nyumba ile, maana hapo tulijua zile "asante" zake nyingine hazikuwa za woga tena.

Hatusemi kila nyumba ifanye hivyo. Wako wanachama waliojaribu wakaacha, na mmoja bwana wake alisema akitaka kushukuriwa ataenda kwenye harusi. Kila nyumba ina mlango wake, na hata mjane yule aliambiwa afunge mlango kwanza, yeye na wanawe, ndipo amimine. Mafuta hayakumiminwa barabarani. Ila vyombo alivikopa kwa majirani, na hivyo ndivyo tunavyokiona kikundi hiki. Nyinyi ndio vyombo mlivyotuazima. Kitu cha kumiminia kilikuwamo ndani kwetu siku zote, tukisema hatuna.

Katibu ameshika saa. Tumebakiza jambo moja, nalo si la kusema, ni la kutenda.

Ratiba inaonyesha baada ya mazungumzo haya ni sala ya chakula, kisha wageni waalikwa watajongea. Machalari na pilau mnayosikia harufu yake haikupikwa na wanachama. Sisi tulikuwa tunashona sare. Imepikwa na mabinti 9 kutoka nyumba zetu, tangu saa 10 za usiku, nao wako huko nyuma ya ukumbi kwenye moshi. Kwenye ratiba hawamo. Tulipogundua hilo jana jioni, kijitabu kilikuwa kimekwisha chapwa.

Mchungaji, kwa heshima, tunaomba usiombee chakula bado. Viti 9 tumeviweka hapa mbele, upande wa kulia wa Mgeni Rasmi. Mwenyekiti wetu na mweka hazina wamekwenda kuwaita, na wamebeba isale.